Doa Lisimzuie Mtu: Kutoa Madoa ya Nguo kwa Usalama na kwa Maji Kidogo

(Mada iliyotolewa na timu yetu ya afya na maendeleo ya jamii kwa wajumbe wa kamati za parokia na wageni wetu wafadhili, katika semina ya siku moja iliyofanyika Kongwa. Tunaichapisha kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala ya kuwasomea wanajumuiya.)





Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetujalia kukutana tukiwa wazima. Tunawashukuru pia akina mama waliotupikia ugali na mlenda, kwa kuwa bila wao baadhi yetu tusingekuwa na doa la kufanyia mfano asubuhi hii.

Ratiba ilipotoka, mjumbe mmoja alituuliza swali zuri. Alisema: "Shirika la maendeleo lina visima vya kuchimba na madarasa ya kujenga. Inakuwaje tupoteze siku nzima kwa kuzungumzia madoa ya nguo?" Tutamjibu kwanza, kisha tuingie kwenye kazi yenyewe.

KWA NINI MADOA

Sababu ya kwanza ni watoto wetu. Katika kutembelea vigango tumekutana na watoto waliokosa Misa ya Komunyo ya Kwanza kwa sababu gauni la kuazima lilikuwa na doa na mama akaona aibu kulirudisha, sembuse kulivaa. Tumekutana na mabinti wanaokosa shule siku kadhaa kila mwezi kwa kuogopa doa la damu kwenye sketi. Tena wapo wazazi wanaoshindwa kufika kwenye mikutano yetu hii hii, kwa kuwa nguo pekee ya heshima ina doa la grisi au mafuta. Doa ni kitu kidogo, lakini linamtenga mtu na wenzake.

Sababu ya pili ni macho. Kongwa inajulikana duniani kwa mambo mawili. La kwanza ni mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. La pili, ambalo wengi wetu hatulisemi, ni ugonjwa wa macho wa vikope, yaani trakoma. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakishirikiana na Watanzania, wamefanya kazi katika vijiji vya wilaya hii, na mafunzo yaliyopatikana hapa yamesaidia nchi nyingine nyingi.

Vikope huletwa na bakteria. Mtoto akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kope hupata makovu, kope hujikunja, na nywele zake huanza kukwaruza mboni. Mwisho wake ni upofu. Wanaoumia zaidi ukubwani ni akina mama, kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Ugonjwa husafiri kwa vidole, kwa nzi, na kwa nguo. Hapa ndipo kanga inapoingia. Mama anamfuta tongotongo mtoto wa kwanza kwa pindo la kanga, kisha wa pili kwa pindo lile lile, kisha anajifuta jasho mwenyewe. Hivyo, ndugu zetu, nguo safi si urembo tu. Ni sehemu ya kulinda macho.

Sababu ya tatu ni ajali, na hii inatuhusu sisi wenyewe. Miaka iliyopita tuliwahi kufundisha usafi wa nguo na kugawa karatasi yenye maelezo mafupi. Kuhusu nguo nyeupe tuliandika mstari mmoja tu: tumia jiki. Mama mmoja wa kigango kimojawapo alikuwa akisafisha kanzu ya mtumishi wa altareni yenye doa la kutu. Alianza kwa limau na chumvi, kama alivyofundishwa na bibi yake, na alifanya vema. Alipoona doa bado lipo, alikumbuka karatasi yetu, akamimina jiki juu ya limau lile lile, akiwa ndani ya chumba kilichofungwa dirisha. Hewa kali ilimkaba. Alikohoa mpaka majirani wakamtoa nje na kumpeleka zahanati. Namshukuru Mungu alipona. Lakini kosa lilikuwa letu, si lake. Tulifundisha kutia dawa bila kufundisha hatari yake. Mada ya leo ni namna yetu ya kurekebisha karatasi ile.

KANUNI TANO KABLA YA KUGUSA DOA

1. Wahi. Doa bichi hutoka kwa kikombe kimoja cha maji. Likikauka litataka ndoo.

2. Lijue doa. Uliza: hili limetokana na nini? Damu haitolewi kama mafuta, wala kutu haitolewi kama chai. Aliyemwaga ndiye shahidi. Tusimgombeze kabla hajasema.

3. Anza na kilicho kipole. Maji matupu ya baridi kwanza, kisha sabuni, kisha limau au magadi, na jiki iwe ya mwisho kabisa, tena kwa nguo nyeupe za pamba tu.

4. Jaribu pembeni. Tia tone la dawa kwenye pindo la ndani, subiri dakika kumi, uone kama rangi inatoka. Hapa tuwakumbuke wale wa mradi wa karanga. Walileta matrekta na mipango ya ekari zaidi ya milioni tatu kabla hawajaujaribu vya kutosha udongo wetu wa Kongwa, ambao ukikauka huwa mgumu kama saruji na kula vyuma vya majembe. Wangeanza na shamba dogo pembeni, wangeokoa fedha nyingi. Nasi tukianza na pindo, tutaokoa kitenge.

5. Usipige pasi wala kuanika juani mpaka doa liishe. Joto hulifungia doa ndani ya uzi. Nguo ikitoka majini, ikague ikiwa bado mbichi. Kama doa lipo, rudia.

Tuongeze neno kuhusu kufikicha. Wengi wetu tunafikicha kwa nguvu mpaka kitambaa kinachakaa na doa linapanuka. Weka kitambaa safi chini ya doa, kisha gusagusa kwa juu ukitoka ukingoni kwenda katikati. Doa litahamia kwenye kile kitambaa cha chini.

MADOA YETU YA KILA SIKU

Udongo mwekundu. Hili ndilo doa letu la nyumbani. Kosa kubwa ni kuiloweka nguo mara moja, maana vumbi linageuka tope na kuingia ndani ya nyuzi. Acha tope likauke kabisa. Kung'uta nguo nje, isugue kwa brashi kavu, kisha suuza kwa maji ya baridi kabla ya kutia sabuni. Wekundu wa udongo wetu unatokana na madini ya chuma. Kwa hiyo jiki haiutoi. Inaweza hata kuufanya ung'ang'anie zaidi. Kama nguo ni nyeupe ya pamba na wekundu umebaki, tumia limau na chumvi kama tutakavyoeleza kwenye kutu.

Damu. Maji ya baridi, wala si ya moto hata kidogo. Maji ya moto huigandisha damu kama yanavyoligandisha yai. Loweka nusu saa katika maji ya baridi yenye chumvi, kisha fua kwa sabuni ya mche. Damu iliyokauka ilowekwe usiku kucha katika maji ya baridi yenye sabuni. Kanuni hii hii ni ya maziwa, yai, matapishi na kinyesi cha mtoto: baridi kwanza, sabuni baadaye.

Vitambaa vya hedhi. Tuseme wazi, kwa kuwa ukimya ndio unaowafukuza mabinti shuleni. Kitambaa kisuuzwe kwa maji ya baridi mpaka maji yatoke meupe, kifuliwe kwa sabuni, kisha kianikwe nje kwenye jua na hewa mpaka kikauke kabisa. Mabinti wengi huvificha vikiwa vibichi chini ya godoro kwa sababu hakuna mahali pa kuvianika bila kuonekana na kaka na baba. Kitambaa kibichi hunuka, hupata ukungu na huweza kuleta madhara mwilini. Akina baba, kamba fupi nyuma ya nyumba na kanga kuukuu ya kusitiri haigharimu kitu. Huo ni mradi wa maendeleo ambao hauhitaji mfadhili.

Mafuta ya alizeti na ya karanga. Usianze na maji. Nyunyizia unga mkavu wa mahindi juu ya doa, uache robo saa unyonye mafuta, ukung'ute. Kisha paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, au sabuni ya mche iliyokunwa na kulainishwa, na suuza kwa maji ya moto kiasi ambacho kitambaa kinavumilia.

Grisi na oili ya baiskeli au trekta. Wengi hukimbilia petroli au mafuta ya taa. Tunawasihi, tuache. Mvuke wa petroli hutambaa chini na unaweza kushika moto kutoka jiko lililo mbali na beseni. Paka mafuta kidogo ya kupikia juu ya grisi ili iwe laini, ikwangue kwa mgongo wa kisu, kisha malizia kwa unga na sabuni kama tulivyosema juu ya mafuta. Litachukua muda, lakini nyumba itabaki imesimama.

Mlenda. Kwangua utelezi kwa kijiko, suuza kwa maji ya baridi upande wa nyuma wa kitambaa, kisha sabuni. Ukiufikicha, utelezi unausukuma ukijani ndani zaidi. Kama mlenda uliungwa karanga, malizia kama doa la mafuta.

Chai, kahawa, zabibu na divai. Suuza papo hapo kwa maji mengi kiasi, matupu, bila sabuni ya mche. Kisha tumia sabuni ya unga. Likibaki kwenye nguo nyeupe, tone la limau au siki linasaidia, halafu suuza. Kwa vitambaa vitakatifu vya altareni, wasakristani wanajua utaratibu: maji ya kwanza ya kusuuzia humwagwa kwenye udongo mahali pa heshima, si kwenye mfereji wa maji machafu. Utaratibu huo wa imani ni mzuri pia kwa kitambaa, kwa kuwa unatulazimu kusuuza kwanza kwa maji matupu kabla ya sabuni.

Nta ya mshumaa. Acha igande, ikwangue kwa kijiko. Weka karatasi ya kaki chini na juu ya kitambaa, pitisha pasi yenye moto wa wastani. Nta itahamia kwenye karatasi. Badilisha karatasi mpaka isionyeshe mafuta tena. Usitumie gazeti, maana wino wake utahamia kwenye kitambaa cha altare, na pasi ya mkaa ikung'utwe majivu kabla.

Wino wa kalamu. Tumia spiriti ya hospitali kwenye pamba, ukigusagusa juu ya kitambaa kilichokunjwa. Fanya hivyo nje, mbali na jiko na koroboi, kwa kuwa spiriti inawaka.

Dawa ya GV. Ile dawa ya zambarau tunayopakwa kwenye vidonda ni ngumu sana. Spiriti hupunguza, mara nyingi haimalizi. Tusimpige mtoto kwa doa la GV. Linaonyesha kwamba alitibiwa.

Kutu. Hutoka kwenye bati, misumari ya kamba ya nguo na matangi ya zamani. Kwa nguo nyeupe ya pamba: kamulia limau, nyunyizia chumvi, anika juani saa moja au zaidi, suuza vizuri sana kwa maji matupu. Rudia kesho ikibidi. Usitie jiki juu yake.

Ukungu. Toa nguo nje, isugue kwa brashi kavu ukiwa upande ambao upepo unatoka ili usivute vumbi lake. Anika juani, kisha fua. Kwa nyeupe za pamba jiki kidogo iliyochanganywa na maji husaidia.

MAMBO YA HATARI

Tunaomba sehemu hii isomwe mara mbili katika kila jumuiya.

(a) Jiki haichanganywi na chochote isipokuwa maji ya baridi. Ikikutana na limau, siki au dawa ya kuoshea choo, hutoa hewa ya sumu ya klorini. Ikikutana na mkojo, kama katika nepi ambazo hazijasuuzwa, hutoa hewa nyingine ya sumu. Suuza nepi kwanza. Kama umetumia limau, suuza mpaka limau liishe, na jiki isubiri siku nyingine.

(b) Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuzidisha hakung'arishi zaidi; kunakula nyuzi. Usitumie jiki kwenye sufu, hariri au nguo za rangi. Tumia beseni la plastiki na ufanyie kazi nje au penye dirisha wazi.

(c) Usihamishie jiki, mafuta ya taa wala spiriti kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Viwekwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

(d) Kostiki soda inayotumiwa na vikundi vyetu vya kutengeneza sabuni si dawa ya madoa. Inachoma ngozi na kupofusha. Wanakikundi wakumbuke: soda humiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe maji hayamiminwi juu ya soda.

(e) Nguo za kupigia dawa shambani zifuliwe peke yake, kwa beseni la peke yake, na anayefua avae glovu. Zisichanganywe na nguo za mtoto. Maji yake yasimwagwe karibu na kisima wala mahali mifugo inapokunywa. Na dumu la dawa ya shamba halifai kuwa dumu la maji, hata lisafishwe mara ngapi.

Ikitokea ajali: dawa ikiingia jichoni, nawisha kwa maji safi yanayotiririka taratibu kwa dakika 15 hadi 20 bila kuacha, kisha nenda zahanati. Ndiyo sababu tunasema kila nyumba iwe na dumu moja la akiba ambalo halifuliwi nguo. Aliyevuta hewa mbaya atolewe nje mara moja. Aliyekunywa asilazimishwe kutapika, maana dawa itamchoma mara ya pili ikipanda. Asukutue mdomo, akimbizwe kituo cha afya, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aione.

NA MAJI TUYATOE WAPI?

Tunajua mnachokiwaza. Mnafikiri: haya yote ni mazuri kwa watu wenye bomba. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo ndoo moja ina wenyewe wengi.

Hapa turudi kwenye mafunzo ya vikope. Watafiti walikuta kwamba tatizo halikuwa umbali wa maji peke yake. Lilikuwa pia ni nani anayeamua maji yatumike kwa nini, na watu wanaamini kunawa kunataka maji kiasi gani. Walipowaonyesha wanavijiji kwa vitendo, wote waliona kwamba lita moja inatosha kunawisha nyuso za watoto wengi. Baadaye matokeo ya kampeni ya kunawisha watoto katika vijiji vya Kongwa, ikiambatana na dawa ya macho, yalichapishwa mwaka 1995: watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walikuwa na vikope vikali kidogo zaidi kuliko wengine. Leo usafi wa uso ni moja ya nguzo nne za kupambana na vikope duniani, pamoja na upasuaji, dawa na mazingira safi.

Somo kwetu ni kwamba tusiseme "hakuna maji" kabla ya kupima. Tunapendekeza mpangilio huu:

Kwanza, uso wa mtoto. Maji ya kunawa yasikatwe kwa ajili ya kufua. Uso ukiwa safi, hata pindo la kanga halitakuwa na kazi ya kufuta tongotongo.

Pili, doa litolewe peke yake kwa kikombe, kabla ya nguo nzima kuingia majini. Hakuna haja ya kufua sketi nzima kwa ajili ya doa la ukubwa wa shilingi.

Tatu, maji yapite ngazi kwa ngazi. Maji ya kusuuzia nguo nyeupe yafulie za rangi. Ya nguo za rangi yafulie za shamba zisizo na dawa na matambara. Mwisho yaoshee sakafu ya choo. Maji yenye jiki yasimwagiwe mboga wala miche.

Nne, maji ya chumvi ya visima virefu. Mnalalamika kwamba sabuni haitoi povu na nguo nyeupe zinakuwa za kijivu. Sababu ni madini yaliyomo, ambayo hushikana na sabuni na kuacha utando kwenye kitambaa. Yeyusha magadi kidogo katika maji, acha yatulie, kisha chota ya juu. Au weka maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati la kanisa kwa ajili ya kusuuzia ya mwisho. Parokia yenye tangi iliweke jambo hili kwenye ratiba.

TUNAWAOMBA NINI

Kwa kamati za parokia tunaomba mambo matatu.

La kwanza, kila kigango kiwe na sanduku dogo la madoa: sabuni ya mche, sabuni ya unga, chumvi, magadi, brashi, karatasi ya kaki, pamba na vitambaa vyeupe chakavu. Limau linunuliwe siku ya kazi. Spiriti na jiki zibaki chini ya ufunguo, kwa mtu mmoja aliyefundishwa. Mtunzaji achaguliwe na akina mama wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaoijua kazi.

La pili, sheria ya mavazi. Tunaomba, kwa heshima zote, kamati zisiwarudishe nyumbani watoto wa Komunyo wala wanakwaya kwa sababu ya doa. Yesu aliwaosha wafuasi wake miguu, na miguu ile ilikuwa na vumbi kama letu. Hakuwatuma kwanza wakaoge. Na pale ambapo magauni ni ya kuazima, parokia iseme wazi kwamba doa si deni. Mama asiogope kurudisha nguo. Ailete mapema, doa likiwa bado bichi, na sanduku litafunguliwa.

La tatu, akina baba washirikishwe. Bila baba kukubali, dumu la akiba halitakuwepo, na kamba ya nyuma ya nyumba haitafungwa.

Kwa wafadhili wetu wapendwa tuna ombi moja, na mtusamehe tukilisema kwa uwazi wa ndugu. Mmetutumia mara nyingi nguo nyeupe za sherehe, na tunashukuru. Lakini nyeupe katika udongo mwekundu, kwa familia yenye ndoo moja, ni zawadi yenye mzigo. Safari ijayo mtuulize kwanza. Pengine tutasema kitenge cha rangi ya udongo, au mabati na mifereji ya kuvunia maji ya mvua, au nauli ya muuguzi kufika kigango cha mbali kuwachunguza watoto macho. Mkijaribu pembeni kwanza, kama tulivyosema kwenye kanuni ya nne, hamtakosea.

Nasi tunaahidi kufuta makosa yetu. Ile karatasi ya zamani yenye mstari mmoja juu ya jiki, yeyote aliye nayo atuletee, tutampa hii mpya. Yule mama tuliyemtaja bado anafua kanzu za altareni. Tulipomweleza tunataka kuzungumzia mkasa wake bila kumtaja jina, alikubali, akaongeza: "Waambieni limau lilikuwa linatosha. Mimi ndiye niliyekosa subira ya siku ya pili."

Tunarudia neno lake kwenu. Wahini mapema, anzeni na kilicho kipole, na muwe na subira ya siku ya pili. Haba na haba hujaza kibaba, na kikombe kwa kikombe huokoa ndoo.